Siku Tuliyolisalimisha Gobore la Shangazi

Gari la matangazo lilipita Misunkumilo saa nne asubuhi, shangazi akiwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Spika yenyewe ilikuwa kama ina mafua, maneno yalitoka nusu nusu, lakini ya muhimu aliyasikia: mwenye silaha isiyo na kibali ailete mwenyewe kituoni, hataulizwa kitu. Atakayesubiri kufuatwa nyumbani, hiyo ni habari nyingine. Shangazi akaweka gunzi chini, akachukua simu, akanipigia nikiwa darasani.

"Wanamtaka mzee," akasema.

"Mzee yupi, shangazi?" Mume wake alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini.

"Yule wa nyuma ya mlango."

Nikaelewa. Nyuma ya mlango wa chumba cha shangazi lilisimama gobore refu kuliko yeye, limeegemea ukuta kama mgeni aliyenyimwa kiti. Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, mwanamke mfupi, mkavu, wa misa ya kwanza kila Jumapili, na gobore lile aliachiwa na mumewe pamoja na shamba la mahindi na karanga pale pembezoni mwa mji. Kibali kilikuwa cha mume, kikafa naye. Kwa sheria, shangazi alikuwa mhalifu wa siku nyingi. Kwa majirani alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Hata ng'ombe wa jirani yake Msukuma walipita mbali na karanga zake, na ng'ombe hawajui sheria.

Kazi ya gobore ilikuwa nyani. Walikuja mchana kweupe kutoka vilimani, wakakaa mpakani mwa shamba wakijikuna, wakisubiri shangazi aingie jikoni. Yeye hakuwahi kulipiga. Alitoka nalo tu, akaliweka begani, akafumba jicho moja, na nyani wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Chuki yake na wanyama hao ilikuwa ya zamani. Mumewe alikosa kipande cha sikio la kushoto, na kabla hata hawajazaa mtoto wa kwanza alimweleza mkewe kwamba kang'atwa na nyani dume. Tangu hapo shangazi hakuwasamehe, na kwenye mambo mengine yote ni Mkatoliki mzuri.

Hapa lazima niseme na dhambi yangu. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, hapa hapa Mpanda, na gobore hilo lilikuwa limenijengea jina. Kila mwaka tulipofika kwenye misafara ya pembe za ndovu, niliweka chaki mezani, nikashusha sauti, nikasema, "Wanangu, kwenye ukoo wetu ipo bunduki ya enzi hizo." Maana ndivyo mume wa shangazi alivyotusimulia: babu yake alibeba pembe mpaka pwani, akarudi kwao Mpimbwe na bunduki begani. Basi nilichora ubaoni. Kwanza gumegume, bunduki ya jiwe: unafyatua, jiwe linakwangua chuma, cheche inarukia kisahani chenye baruti, baruti ya kisahani inapitisha moto kwenye tundu, ndipo mlio. Mvua ikinyesha, umeshika fimbo. Kisha ikaja fataki, kikofia kidogo cha shaba kinachopigwa kwa nyundo, na mvua ikakosa kazi. Kisha watu wa Ulaya wakachoka kushindilia mambo kwa mbele kama wanaojaza soseji, wakatengeneza risasi iliyokamilika, ya kuingizwa kwa nyuma, na magobore yote duniani yakazeeka siku moja. Bunduki zilizokwisha kazi kwao zikaletwa huku. Wanafunzi waliipenda sana hiyo. Mmoja aliuliza kama ndiyo sababu hata nguo zinakuja za mitumba.

Siku hiyo hiyo, Ijumaa, baada ya vipindi, nikaenda Misunkumilo. Shangazi alikuwa ameshaamua kila kitu. Tungeenda Jumanne, kwa sababu Jumatatu polisi bado wana hasira za Jumapili. Angevaa gauni la Pasaka. Na mimi ningekuwa shahidi.

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba nimeenda kwa miguu yangu. Wasije wakasema nimekamatwa."

Kwa miguu yake hatukwenda. Jumanne asubuhi nilimkuta amelifunga gobore kwa kitenge kuanzia juu hadi chini na kulizungushia kamba ya katani, limekuwa kama mtoto mrefu mwenye homa. Tukaita bodaboda. Kijana akalitazama, akauliza kama ni fimbo ya pazia.

"Ni fimbo ya pazia," nikasema haraka.

"Ni gobore," akasema shangazi, ambaye hadanganyi akiwa amevaa nguo za kanisani.

Kijana akacheka sana. "Bibi ana masihara huyu!" Akatupakia mshikaki, shangazi katikati, mimi nyuma, na gobore likasimama kati yangu na shangazi, kitako kikiwa juu ya mguu wangu na mdomo wa mtutu umenifikia chini ya kidevu. Barabara ile ina mashimo. Kila shimo mtutu ulinigonga taya, taya ikafunga, meno yakalia. Tulipita Kawajense hivyo, nikiwasalimia wazazi wa wanafunzi wangu kwa nyusi, maana mdomo haukufunguka.

Kituoni, benchi la nje lilikuwa limejaa wanaume. Kila mmoja alishika kitu kirefu alichokifunga ili kifanane na kitu kingine: huyu kwenye jamvi, huyu kwenye majani ya miwa, huyu kwenye gunia la mkaa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amebeba nini. Walisogea wakampa shangazi nafasi, tukakaa wote kama tumekuja kliniki ya ugonjwa mmoja wa aibu.

Aliyepokea silaha alikuwa askari wa makamo, mwenye miwani na mikono ya fundi. Nilitegemea ukali, nikakuta mtu anayefurahi. Alifungua kila furushi polepole kama zawadi. Zamu yetu ilipofika akamwamkia shangazi, "Shikamoo, mama," akafungua kamba bila kuikata, akavua kitenge, akalipapasa kuanzia mdomo hadi kitako.

"Huyu," akasema hatimaye, "huyu ni mzee kweli. Lina kitu ndani?"

"Halina," nikajibu mimi, mwalimu.

"Sijui," akasema shangazi.

Askari akachomoa ule ufito wa kushindilia unaokaa chini ya mtutu. Akauteremsha mdomoni mwa gobore mpaka ukagota, akaweka kidole pale ulipoishia, akauchomoa, akaulaza kando ya mtutu kwa nje. Kama gobore ni tupu, ncha ya ufito inafika mpaka chini kabisa, karibu na nyundo. Ufito wa shangazi uliishia njiani. Ilibaki nafasi ya upana wa kiganja kizima.

Wanaume wote wa benchini wakasimama kwa pamoja na kwenda kuangalia mti wa upande wa pili wa uwanja.

"Limeshindiliwa," askari akasema kwa upole. "Mlilibebaje kuja hapa?"

Nikaonyesha kwa kidole, chini ya kidevu.

Akaniangalia juu ya miwani. "Fataki haipo, mwalimu, kwa hiyo ilikuwa vigumu lilie. Vigumu. Lakini baruti haina rafiki. Kaa chini kidogo."

Nilikuwa nimeshakaa.

Alilipeleka uani nyuma ya kituo, akalilaza juu ya magunia ya mchanga, mdomo ukielekea kwenye tuta la udongo, akamimina maji ndani ya mtutu. Baruti ikilowa, alisema, inarudi kuwa vumbi tu. Lakini maji yanataka muda wa kupenya. Basi tukasubiri, na katika kusubiri ndipo mtu yule akaanza kulisoma gobore.

Alianza na mtambo, lile bati la ubavuni lenye nyundo. "Hili ni la Ulaya," akasema, na mimi nikainua kichwa. "Na lilizaliwa gumegume. Mnaona haya matundu mawili yaliyozibwa? Hapa palikuwa na kisahani cha baruti. Fataki zilipokuja wakakitoa, wakaweka hiki kichuchu cha kuvalishia fataki, wakabadilisha na nyundo. Hawakuitupa ya zamani, waliigeuza."

"Ndivyo ninavyofundisha!" nikasema. Hofu ilikuwa imeniisha.

"Kitako ni mninga, cha huku huku. Kimevunjika mara mbili, kikafungwa ngozi mbichi, ikakauka, ikashika kuliko gundi. Kazi safi." Kisha akafika kwenye mtutu. Akaupangusa kwa kitambaa, akaugeuza kwenye jua, akaugonga kwa ukucha, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. "Mwalimu, huu unasemaje ni wa lini?"

"Wa misafara ya pembe."

"Hii misafara ilikuwa na gari?"

Nikasogea niutazame mtutu.

"Hili ni bomba la usukani," akasema. "La Landrova. Nimeyaona mengi. Chuma chake ni kigumu, halina mshono, na ndani ni laini. Upande wa nyuma limezibwa kwa boliti. Aliyelifanya alikuwa fundi hasa."

Niliwafikiria wanafunzi wangu wote, miaka yote, kimya chao, macho yao. Nilimfikiria mkaguzi mmoja wa elimu aliyekaa nyuma ya darasa, akaandika kwenye daftari lake kwamba mwalimu anatumia mifano hai.

Shangazi alikuwa ameudhika. "Mume wangu hakuwa mwongo," akamwambia askari. "Lilikuwa la babu yake. Nililikuta nilipoolewa, jembamba, zuri." Nilimwona anahesabu kitu kichwani. "Halafu likanenepa."

"Likanenepa, mama?"

"Alilipeleka kulisafisha wiki mbili. Lilivyorudi nikamwambia, mbona limenenepa? Akasema ni mafuta." Akashika shavu. "Na misheni palikuwa na Landrova mbovu nyuma ya sakristia. Kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Mungu wangu. Usukani ulikuwa umelala kwenye kiti, nikadhani kuku ndio wameuangusha!"

Mume wake wakati huo alikuwa fundi baiskeli pale Mpimbwe. Gari la misheni halikuwa safari ndefu kwake.

Askari alikuwa anajizuia kwa heshima. "Nadhani mtutu wa zamani ulipasuka, mama. Ile mizee inafanya hivyo. Ukipasuka unaruka upande huu." Akaonyesha upande wa kushoto wa uso wake. "Watu wanapoteza jicho. Wenye bahati wanapoteza kidogo tu, labda kipande cha sikio."

Nilimtazama shangazi. Midomo yake ilichezacheza, ikatulia, ikacheza tena.

"Nyani," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kumbe wale nyani wa watu."

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta. Askari naye akaacha kujizuia. Shangazi alitutazama, akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka akiwa amejifunika uso kwa mtandio, huku akisema padri mwenye Landrova alishakwenda kufia kwao, sasa yeye ataungama kwa nani.

Maji yalipokwisha kupenya, askari akafunga kwenye ncha ya ufito chuma kilichosokotwa kama kizibuo cha chupa, akaanza kuvuta kilichomo. Gobore linashindiliwa kwa tabaka: baruti chini, juu yake kitambaa cha kuibana, kisha marisau, kisha kitambaa kingine ili marisau yasimwagike. Kwa hiyo cha kwanza kutoka kilikuwa kitambaa. Kilitoka cheusi, kimekunjamana. Akakiweka pembeni. Akainamisha mtutu, marisau yakamwagika kwenye sahani ya bati: gololi za baiskeli, vichwa vya misumari, kipande cha sufuria. Halafu akavuta kitambaa cha pili. Hiki kilikuwa kikubwa zaidi, kimekunjwa vizuri, na katikati ya mikunjo rangi ilikuwa imebaki. Nyekundu, yenye pindo jeusi. Palikuwa na herufi.

Shangazi akakichukua bila kuomba. Akakinyoosha kwenye goti la gauni la Pasaka. Lilikuwa pindo la kanga, na herufi zilizobaki zilisomeka KIBABA.

"Usinipime kwa jicho lako, njoo na kibaba," akasema shangazi polepole. Ndilo lilikuwa jina la kanga ile. Hakukuwa na haja ya kunieleza, maana kanga hiyo ilikuwa imevunja ukoo wetu vipande viwili.

Mwaka ule aliofariki mume wa shangazi, miezi michache kabla, mama yangu aliazima kanga hiyo kwenda nayo msibani. Akairudisha imefuliwa, imekunjwa. Wiki moja baadaye shangazi akaifungua akakuta kipande cha chini kimekatwa kwa kisu, chenye neno la mwisho. Akamfuata mama. Mama akasema hajui. Shangazi akasema kipande cha nguo ya mtu hakikatwi bure, kinapelekwa kwa mganga. Mama akasema kama ni hivyo usinywe tena maji kwangu. Na hakunywa. Miaka kumi na mmoja mawifi hao walisalimiana kanisani tu, kwa kugusana ncha za vidole, na kwenye harusi tuliwapanga mahema tofauti.

"Alikuwepo nguruwe pori kwenye karanga," shangazi akasema, bado ameshika kitambaa. "Mume wangu alisema atamsubiri. Alishindilia, nguruwe hakuja, halafu mvua zikaanza na yeye akaugua." Akanigeukia. "Nyumba nzima ina matambara. Kwa nini akate kanga yangu?"

Askari, ambaye hakujua lolote kuhusu ukoo wetu, akajibu kama fundi: "Pamba mpya inabana vizuri, mama. Tambara linavuja moto."

Akaandika karatasi ya mapokezi, shangazi akatia sahihi kwa herufi kubwa, gobore likawekwa ukutani kati ya mengine. Shangazi akauliza kama kitambaa nacho ni silaha. Askari akafikiri kweli kweli, akasema silaha ni ya serikali, ila nguo ni ya mwenye nguo.

Nje nikamuuliza kama nimwitie bodaboda ya kurudi Misunkumilo.

"Ya kwenda Ilembo," akasema.

Ilembo ndiko anakokaa mama yangu. Tulimkuta kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona wifi yake anaingia uani hakusimama, ila mkono wake uliacha kuchambua. Shangazi alikuwa amejiandalia maneno njiani, nilimsikia akiyanong'ona mgongoni mwa dereva. Yote yakampotea. Alinyoosha tu mkono, akaweka kile kitambaa cheusi juu ya maharage.

"Kilikuwa ndani ya gobore," akasema. "Wifi, nisamehe. Hukukata wewe. Alikata yeye."

Mama akakitazama. Akakigeuza kwa kidole kimoja.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua alikata yeye. Aliniambia."

Nilivuta kigoda nikakaa, kwa mara ya pili siku hiyo.

Mama akaeleza huku anachambua, kana kwamba habari yenyewe ni ya jana. Siku ile ya ugomvi, jioni, mume wa shangazi alimfuata kwa baiskeli. Alikuwa amekata kanga kwa haraka, gizani mwa chumba, akidhani ni ile iliyochakaa. Alipoona amekosea akaogopa. "Akaniambia, shemeji, nibebee siku mbili tatu. Nikipata kanga kama hiyo nitamnunulia, kisha nitamweleza mwenyewe. Unamjua wifi yako akikasirika. Nikasema sawa. Siku mbili tatu, ni kitu gani? Halafu akaugua. Halafu akafa."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Matanga hayajaisha, nije niseme marehemu ndiye mwizi wa kanga? Ungeniamini?"

Shangazi akafikiri. Yeye ni mtu wa haki, hata inapomuuma. "Nisingekuamini," akasema. "Ningekupiga."

"Basi."

Wakakaa. Kuku akaja akadonoa harage moja lililoanguka, hakuna aliyemfukuza. Kisha niliona mabega ya shangazi yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka mama naye akaanza, ndipo nikajua ni vyote viwili. Mama alisogeza ungo, akampisha kwenye mkeka. Shangazi akavua viatu vya kanisani. Akaomba maji ya kunywa. Mama akaniambia nilete kwenye kikombe cha wageni, shangazi akasema hapana, hicho hicho unachonywea wewe.

Nikasonga ugali mimi, wao wakiwa kibarazani. Nilisikia Landrova ikisimuliwa, na sikio, na nyani, na kidevu changu, mama akipiga makofi na kusema, "Yule mtu, jamani, yule mtu!" Tulikula maharage yale yale. Shangazi alionja, akatafuna taratibu, akasema yangekuwa mazuri kama yangetiwa chumvi. Mama akasema chumvi imo, labda ulimi ndio umezeeka. Shangazi akasema kwao walifundishwa kupika. Mama akauliza kwao wapi, maana anamkumbuka mama mkwe wake na wali wake wa mawe. Nikaondoa vyombo haraka.

Nilipomsindikiza shangazi barabarani jua likiwa linashuka, walikuwa wameshakosana juu ya chumvi, juu ya mama mkwe, na juu ya tarehe ya ubatizo wangu. Asubuhi yake nilimpigia mama kumjulia hali. Simu yake ilikuwa inaongea na mtu mwingine. Nikampigia shangazi. Nayo ilikuwa inaongea.